Mama Pacha ni Wawili

Niseme mapema ili usije ukaniona mnafiki baadaye: wifi yangu sikumpenda. Si kwamba alinikosea. Angenikosea ningeshukuru, maana ningepata la kumsema. Kila asubuhi alikuwa ananiamkia, ananisogezea kiti, ananiuliza mgongo umeamkaje. Watu wa namna hiyo wanachosha. Unamzunguka kutafuta pa kumshika, hupaoni, unarudi kwako umekasirika zaidi.

Ni mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu huyo, fundi wa kuchomelea vyuma, nimemlea mimi. Mama alipotutoka yeye alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa, na baba ni mtu ambaye hatukuwahi kumzungumzia. Nilimfulia, nilimkalisha chini akasoma, nilimtafutia fundi wa kumfundisha kazi. Zamani akipata habari yoyote, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi. Alipooa nikawa wa pili. Halafu nikawa wa tatu, kwa sababu alianza kuwaambia mafundi wenzake karakanani kabla hajapita kwangu. Nikimuuliza jambo, jibu lake lilikuwa moja: "Muulize wifi yako, dada, yeye ndiye anajua." Anajua nini ambacho mimi sikijui, nilikuwa nasema moyoni. Hiyo ndiyo inaitwa roho ya kwa nini, na mimi ninayo, sifichi.

Kazi yangu ni kutunza ghala la misaada la mji. Watu wananiita Mama Stoo. Mtoto sina, kwa hiyo jina limekaa vizuri tu, stoo ndiyo mwanangu. Turubai, madumu, ndoo, blanketi, vidonge vya kusafishia maji, vyote najua viko rafu ipi na vimeingia mwezi gani. Na nina daftari langu la jalada gumu. Humo nimeandika kaya za mitaa yote ya bondeni kwa mkono wangu, kwa majina ambayo watu wanaitana kweli, si yale ya kwenye vitambulisho. Fundi Saa. Bibi Kigoda. Baba Mapema, ambaye hajawahi kuwahi popote. Mtu ukimtafuta mtaani kwake kwa jina la kitambulisho, majirani watakwambia hapa hakai, na yeye mwenyewe yumo ndani anakula.

Mafuriko ya kwanza, miaka tisa iliyopita, yalinikuta mimi ndiye kila kitu. Magari ya mashirika yalipanga foleni mlangoni kwangu. Wageni wakubwa kwa wadogo walikuwa wanaambiwa, "Muulizeni Mama Stoo." Nafungua daftari, nalamba kidole, nageuza ukurasa, nao wamesimama wananitazama mdomo. Sijawahi kusikilizwa vile, wala kabla wala baada.

Sasa ukweli wa siku zile nao niuseme, ingawa unaniuma. Mashirika matatu yalipeleka blanketi shule ileile siku ileile, na hakuna lililopeleka maji. Watoto walilalia blanketi nne nne huku wanakunywa maji ya mto. Upande wa pili wa mji kulikuwa na maji ya kumwaga na hakuna aliyekuwa na cha kujifunika. Kila gari liliondoka kwangu na karatasi sahihi. Tatizo ni kwamba gari la kwanza halikujua la pili linakwenda wapi, na mimi nilikuwa najua vilivyotoka stoo, vilivyofika nilikuwa naletewa hadithi tu. Lakini hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyeona picha nzima.

Wifi yangu wakati huo hakuwa ameingia kwetu. Alikuja miaka minne baadaye na begi moja na kompyuta mpakato iliyofungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko kililegea. Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yake kuandika wagonjwa. Jioni anakaa jikoni anajifunza kuchora ramani kwa kompyuta, masomo ya bure ya mtandaoni, mpaka sufuria inaungua. Mdogo wangu anakula kilichoungua na kusema kitamu. Mimi siku nikichelewesha chakula alikuwa ananuna wiki.

Jumamosi ndiyo ilikuwa vituko. Anavaa raba, anachukua simu, anatembea vichochoro vyote vya bondeni. Kila penye bomba anabonyeza, penye kivuko cha mbao anabonyeza, penye choo cha jumuiya anabonyeza. Mwaka mzima. Nikawa natania watu: wifi yangu amepata kazi ya kuhesabu vyoo. Walicheka, nikafurahi. Naye akiambiwa anacheka pia, ndiyo balaa lenyewe, utani wangu ulikuwa hauingii.

Halafu mafuriko ya pili yakaja, Jumamosi mchana. Jumapili asubuhi ikagundulika kwamba ramani pekee yenye vichochoro vya bondeni, si barabara tu, ni ile ya mke wa mdogo wangu.

Mratibu wa maafa wa mji, mzee mnene mwenye sauti ya pole, alimwita kwa simu. Hakuniita mimi. Mimi nilikuwa tayari niko stoo tangu alfajiri, natoa madumu. Nilipoitwa hatimaye kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, uliofanywa kituo cha uratibu, nilikuta meza zimepangwa, watu wa mashirika kumi na moja wamekaa, na wifi yangu yuko mbele karibu na projekta. Ukutani kulikuwa na ramani. Kila kaya iliyoripotiwa ni nukta. Nyekundu haijafikiwa, njano kuna mtu njiani, kijani imehudumiwa. Pembeni kulikuwa na jedwali moja la pamoja lenye safu tatu: nani, wapi, nini. Shirika likitaka kupeleka kitu linaandika pale kabla gari halijawaka, na wengine wote wanaona palepale kwenye simu zao.

Wenye kujitolea walikuwa mitaani na simu, wanajaza fomu fupi. Hata pasipo mtandao fomu inajaa, inasubiri ndani ya simu, mtandao ukirudi inajituma yenyewe. Jumatatu mchana watu wa mashirika mawili walitaka kupeleka blanketi shule moja. Mmoja akaangalia simu, akasema, "Aa, kumbe nyie mnakwenda? Basi sisi tunageuza, tunapeleka maji." Maneno tisa tu, nusu dakika. Nilikumbuka watoto na blanketi zao nne nne, nikatafuta mahali pa kutazama.

Uchungu wangu ulikuwa huo: kitu chenyewe kilifanya kazi. Kingekuwa cha hovyo ningelala usingizi.

Na mimi je? Mimi nilipewa kishikwambi. Kijana mmoja aliniambia kwa heshima nibonyeze kila mzigo unapotoka. Daftari langu nikaliweka mezani mbele ya watu, na hakuna aliyeligusa. Mtu mmoja aliweka kikombe chake juu yake. Si kwa ubaya, alikuwa anatafuta pa kuweka kikombe.

Hata utani ulihamia kwa wifi. Mtandao wa ukumbi ulikatika nguzo ilipoanguka, kwa hiyo kituo kizima kilikuwa kinatumia mtandao wa simu yake. Dereva wetu wa lori, tunayemwita Breki, alikuwa akifika mlangoni anauliza, "Mama Stoo, wifi ipo?"

"Yupo, amekaa pale."

"Mimi nauliza ya hewani."

"Hiyo nayo ni yake. Akienda chooni na mtandao unaenda."

Wakaangua kicheko, Breki akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimesema kwa hasira, wao wakaona nimechekesha. Tangu hapo kila aliyeingia aliuliza hivyohivyo, na mimi ndiye nikawa wa kumtangaza.

Jumanne asubuhi saa nne ndipo lilipotokea nililokuja kusimulia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nasubiri aniambie lori la pili linakwenda wapi. Alikuwa anaondoa marudio. Marudio yalikuwa mengi, kwa sababu kaya moja iliweza kuandikwa na mashirika mawili, na ikihesabiwa mara mbili mtu mmoja anapata turubai mbili na mwingine anakosa. Mfumo ulikuwa unayatafuta wenyewe. Ukiona kaya mbili zinafanana unauliza: hizi ni kaya moja? Unganisha? Ndiyo au hapana. Alikuwa ameunganisha zaidi ya mia mbili, na zote sawasawa.

Ikatokea hii. Mama Pacha, mtaa wa kinu, watu wanne, maji yamewazunguka, taarifa ya jirani. Nyekundu. Chini yake: Mama Pacha, mtaa wa kinu, watu wanne, wamehamishiwa shuleni, wamepewa chakula. Kijani.

Jina moja, mtaa mmoja, watu wanne na wanne. Mtu yeyote angesema ni yuleyule, jirani amechelewa kuripoti. Wifi yangu akabonyeza ndiyo. Nukta nyekundu ikatoweka.

Mimi nilijua ni wawili. Mtaa ule una akina mama wawili waliozaa pacha, na kwa kuwa mtaani kila aliyezaa pacha anaitwa Mama Pacha, wote wawili ni Mama Pacha. Katika daftari langu nimewatenga: M.K., mbele ya kinu cha kusaga, upande wa barabara, anaishi na mumewe. N.K., nyuma ya kinu, bondeni kabisa kwenye nyumba ya ghorofa ambayo ujenzi haujakwisha, anaishi na mama mkwe wake asiyeweza kutembea, mume ni dereva wa masafa. Pacha wake wana miezi saba. Nilimpa ndoo mbili mwenyewe mwezi wa kwanza wa uzazi wake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mdomo ulifunguka, nikaufunga. Niseme nilichofikiri, neno kwa neno: ngoja aumbuke.

Nilijiambia hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia kwamba mpaka jioni mtu wa boti atapita kule na kuwaona, na atauliza ukumbini kwa sauti kwa nini hawa hawamo kwenye ramani, na hapo Mratibu atakumbuka nani anayejua watu wa mji huu. Nilichukua karatasi ya lori nikaondoka. Hata hatua zangu zilikuwa nyepesi.

Jioni hakuna aliyeuliza. Boti zilikuwa zinafuata nukta nyekundu, na nyuma ya kinu hapakuwa na nukta.

Jumatano nilikwenda nimeshaamua kusema. Nakwambia kweli, nilikuwa nimepanga hata sentensi. Ila kikao cha asubuhi kilipoanza Mratibu akasimama, akasema kwa sauti yake ya pole kwamba kwa siku nne tumefikia kaya ambazo mafuriko yaliyopita zilituchukua wiki tatu, na anayestahili shukrani yuko hapa mbele. "Chanda chema huvikwa pete," akasema, na ukumbi ukapiga makofi. Wifi akainamisha kichwa, akasema kazi ni ya wote. Mimi nami nilipiga makofi. Nilijikaza kisabuni mpaka viganja vikauma, na ile sentensi yangu ikarudi tumboni.

Mchana mdogo wangu alipita stoo kunisaidia kupakia. Nikamwuliza amekula. Akasema, "Dada, umeona wifi yako? Watu wanamwita mhandisi." Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sijawahi kusababisha mimi. Nilimwambia dumu analobeba linavuja. Halikuwa linavuja.

Siku hiyo nilimfikiria Mama Pacha mara tatu. Ya kwanza nilisema kesho. Ya pili nilisema bila shaka walihama na jirani. Ya tatu nilijikuta nimeshika vidonge vya maji mkononi na sikumbuki nimevitolea nini, nikavirudisha rafu.

Usiniulize nilikuwa mtu gani. Nilikuwa huyu huyu.

Alhamisi wageni walikuwa wanakuja, wakubwa wa makao makuu ya mashirika, kutazama ramani. Nilipoamka nilijua ndiyo siku. Kama ni kuumbuka aumbuke mbele yao. Nilivaa nguo yangu nzuri, fikiria, katikati ya tope lile. Nikaingia na daftari kwapani.

Wageni wanne walikaa mstari wa mbele. Wifi akawaonyesha jinsi nukta zinavyobadilika rangi, akasema mtaa wa kinu umekamilika, wote kijani. Hapo nikasimama.

"Samahani wifi. Na Mama Pacha wa nyuma ya kinu, yuko wapi kwenye ramani yako?"

Alinitazama. "Mama Pacha yuko shuleni, wifi. Alihamishwa Jumapili."

"Huyo ni wa mbele ya kinu." Nikafungua daftari, nikalamba kidole. "Mama Pacha ni wawili."

Ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa nimeungojea ukimya ule siku tatu, na ulipokuja ulikuwa mtamu, sitasema uongo, ulikuwa mtamu kama dakika nzima. Nilimsubiri ababaike, aseme taarifa ilikuja na makosa, amtupie lawama aliyejaza fomu. Ningekuwa na majibu ya yote.

Hakusema lolote kati ya hayo. Aligeukia kompyuta, akafungua orodha ya yaliyofanyika. Mfumo ule haufuti kitu, hata ulichounganisha unaweza kukitenganisha. Ukutani, kwa maandishi makubwa, ikaonekana: Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kaya mbili zimeunganishwa, na jina analotumia wifi yangu kwenye mfumo. Alitenganisha. Nukta nyekundu ikarudi. Aliitazama ile saa. Kisha aligeuka akanitazama mimi, na nikaona anakumbuka nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Kosa ni langu," akawaambia watu. "Nimewaunganisha mimi. Boti gani iko karibu?"

Mimi hakunitaja. Alibonyeza, boti zikaonekana, moja ilikuwa mita mia nne kutoka kinuni ikirudi tupu. Akaipigia. Muuguzi wa shirika jingine alikuwa amejiandika mtaa wa pili. Akampigia naye. Haikufika dakika tano na watu wa mashirika matatu ambao hawajawahi kuonana walikuwa wanakwenda mahali pamoja, wakiwa na vitu vinavyotakiwa. Miaka tisa iliyopita ningekuwa bado natafuta dereva.

"Nyumba wataijua?" akauliza Mratibu.

"Wifi anaijua," akasema wifi, akinionyesha mimi. "Waende naye."

Breki alinipeleka mpaka maji yanapoanzia. Njiani hakutania. Boti ilinichukua pale pamoja na muuguzi, mwanamke wa umri wangu mwenye miwani iliyopasuka, tukapita kando ya ukuta wa kinu. Ukuta ule ndio uliowaficha. Tulipouzunguka nikaiona ile ghorofa, nondo zimechomoza juu, na shuka la kitanda limefungwa kwenye nondo moja ili watu waone. Lilikuwa limening'inia pale siku tano kuelekea upande ambao hakuna mtu.

Walikuwa juu, chini ya kipande cha bati. Mama mkwe amelazwa kwenye mlango uliong'olewa. Mama Pacha alikuwa amekaa na watoto wawili mapajani, mmoja analia, mmoja halii. Muuguzi alikwenda moja kwa moja kwa yule asiyelia. Akambana ngozi ya tumbo, akatazama macho, akaanza kufungua begi lake haraka.

"Anaharisha tangu lini?"

"Jana," akasema Mama Pacha. Sauti ilikuwa imekauka. "Juzi alikuwa mzima, anacheza. Maji ya ndoo yaliisha juzi jioni. Tukachota haya ya chini."

Juzi ni Jumanne. Juzi saa nne asubuhi mtoto alikuwa mzima, ndoo ilikuwa bado na maji, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti.

Nilipiga magoti nimpe dumu. Alikunywa, akampa mama mkwe, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama siku ile ya ndoo.

"Mama alikuwa anasema wametusahau," akasema. "Nikamwambia hapana. Nikamwambia Mama Stoo hajajua tu. Angejua tuko huku asingelala."

Nilikuwa nimelala. Jumanne nililala vizuri kabisa.

Muuguzi alikuwa na mikono imejaa, mmoja umeshika kikombe cha dawa ya maji na chumvi, mwingine shingo ya mtoto. Akanisogezea simu yake kwa kiwiko. "Mama, nijazie fomu. Ya kaya iliyorukwa. Siwezi kuachia."

Niliichukua. Ilikuwa na maswali sita. Watu wangapi, wanne. Wagonjwa, mmoja. Uhitaji, maji, dawa, kuhamishwa. Nilijaza nikifuata kidole changu, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Swali la tano liliuliza: iligunduliwa lini kwamba kaya hii imerukwa? La sita: na nani?

Alhamisi lilikuwa jibu rahisi, na kila mtu ukumbini angelishuhudia. Walinisikia kwa masikio yao. Fomu ile husomwa na mashirika yote kumi na moja, ndivyo mfumo unavyofanya kazi, kila mtu anaona anachokiona mwenzake.

Nikaandika: Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mtunza stoo.

Nikabonyeza tuma. Haikutoka, mtandao haukuwepo. Ikaandika inasubiri. Tulishusha watu, mama mkwe akashuka na mlango wake, na njia nzima nilikuwa nimeshika ile simu. Pembeni ya maneno yangu kulikuwa na alama ndogo ya kufuta. Muuguzi hakuwa ananitazama, alikuwa anamlisha mtoto dawa kwa kijiko, tone kwa tone. Tulipomaliza kuuzunguka ukuta wa kinu simu ilitetemeka mkononi. Imetumwa.

Yule mtoto walimtundikia dripu zahanati, akapona. Siku ya tatu alikuwa anavuta miwani ya muuguzi. Nakwambia ili usikae na wasiwasi, lakini usidhani iliniondolea kitu.

Niliporudi ukumbini wageni walikuwa wametoka kunywa chai. Wifi alikuwa amebaki peke yake mbele ya kompyuta. Fomu ilikuwa wazi mbele yake, na projekta alikuwa ameizima. Hakunisogezea kiti siku hiyo. Alikuwa amelia, au alikuwa anajizuia, siwezi kusema.

"Wifi," akasema polepole, "hii tarehe nibadilishe? Wageni hawajaisoma bado. Nitasema uliteleza kidole."

Nilimtazama nikatafuta kejeli usoni mwake, hata chembe, nipate pa kumshika. Sikuona.

"Iache," nikasema.

Aliiacha. Akawasha tena projekta, akaniomba daftari, na tangu hapo kila jina linalofanana linapita kwanza kwangu. Watu wanasema tumepatana. Labda. Wivu wangu kwake haukuisha, na siku ile uliongezeka, ila kilibadilika kile unachokililia. Maana ningekuwa mimi kwenye kiti kile, na yeye ndiye ameandika Jumanne, ningeisoma kwa sauti.